Kidole, Kamba na Udongo: Uhakiki wa Somo la Historia ya Kale kwa Watoto wa Nguba

1.0 Utangulizi

Mtoto wa shule ya msingi anayekaa Nguba, katika komini ya Ibanda mjini Bukavu, huamka kila asubuhi akiliona Ziwa Kivu, na ng'ambo yake vilima vya Rwanda. Hula bugali wa mihogo kwa sambaza au kwa maharage, kisha hupanda mteremko kwenda shuleni. Akiulizwa watu waliokaa juu ya vilima hivyo miaka 600 iliyopita walipikia chombo gani, walikula nini na walijuaje msimu wa kupanda, aghalabu hunyamaza, au hutaja majina ya bami wawili watatu aliyoyakariri. Kosa si lake. Amefundishwa kwamba historia ni jambo la kusikiliza na kurudia, wala hajaonyeshwa kwamba ni jambo la kutafuta.

Makala haya yanahakiki namna tatu za kumfundisha mtoto huyo habari za karne zilizotangulia misafara ya pwani na utawala wa kikoloni: somo la kukariri, somo la maonyesho na somo la mikono. Dai linalotetewa ni kwamba somo la mikono ndilo bora kuliko mengine, lakini ubora wake hautokani na sababu inayotajwa kila mara, yaani kwamba watoto hufurahia kushika udongo. Watoto hufurahia mambo mengi yasiyowafundisha kitu. Ubora huo unatokana na aina ya sentensi ambazo kazi ya mikono humlazimisha mtoto kuzitunga. Kwa sababu hiyo jambo hili linawahusu wanaisimu na wahakiki wa Kiswahili sawasawa na linavyowahusu walimu wa historia.

2.0 Jina la zama na mzigo wake

Kabla ya kuyapima masomo yenyewe, ni budi kuyatazama maneno yanayotumika kuyafundishia. Istilahi "zama za kati" imeingia katika Kiswahili kutoka historia ya Ulaya, ambako ilitaja kipindi kilicho kati ya Roma ya kale na mwamko mpya wa elimu na sanaa. Bushi haikupita njia hiyo, kwa hiyo haina "kati" ya namna hiyo. Hata hivyo wanahistoria wa Afrika hawakuitupa istilahi hiyo. Raymond Mauny aliitumia katika kitabu chake cha mwaka 1961 juu ya Afrika Magharibi, na François-Xavier Fauvelle akairudia mwaka 2013 katika insha zake juu ya Afrika ya karne ya 8 hadi ya 15. Kwa wataalamu hao istilahi hiyo inataja muda na namna ya ushahidi uliobaki. Haidai kwamba jamii zote zilifanana.

Kwa watu wa mwambao istilahi hiyo haileti taabu kubwa. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akaacha maandishi, na magofu ya Kilwa na ya Gede yangalipo. Fauka ya hayo, Kiswahili chenyewe kilikulia katika miji ya namna hiyo, hivyo kina msamiati wake wa kuielezea. Kivu ni mahali pengine. Kiswahili kilifika huko katika karne ya 19, kikisafiri na misafara ya biashara kupitia Ujiji na Maniema. Mwalimu wa Bukavu anaposimulia kwa Kiswahili habari za karne ya 14 anatumia lugha ambayo haikusikika mahali pale wakati ule. Leo lugha hiyo ni mojawapo ya lugha nne za taifa zinazotajwa na Katiba ya mwaka 2006, na Sheria Na. 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014 inazipa lugha za taifa nafasi katika ufundishaji. Haki ya kuitumia darasani haina ubishi. Linalobaki ni namna ya kuitumia bila kuihamishia pwani historia ya bara.

Mifano mitatu yatosha. Mwalimu akilifasiri neno "mwami" kwa "sultani", mtoto huona kilemba na jahazi mahali palipokuwa na ngoma, ng'ombe na mbegu. Akisema "ustaarabu wa Bushi", anatumia neno ambalo mzizi wake wataja Uarabu, kwa watu ambao hawakuwa na uhusiano na Waarabu katika karne hizo. Mfano wa tatu ndio mgumu zaidi. Kwa Bashi, bwami ni mamlaka ya mwami juu ya nchi na watu wake. Kwa Balega, bwami ni chama chenye ngazi nyingi ambacho wanaume na wanawake hupanda hatua kwa hatua kwa mafunzo na mwenendo mwema. Katika darasa moja la Nguba wamo watoto wa jamii zote mbili. Mwalimu akilitamka neno hilo bila kulifafanua, watoto wawili wanaokaa dawati moja husikia historia mbili tofauti, na kila mmoja hudhani kwamba ya kwake ndiyo iliyosemwa.

3.0 Somo la kukariri: historia ya "-ka-"

Somo la kukariri ni la zamani, na lina heshima yake. Masimulizi ya asili ya tawala za Kivu ya Kusini yalihifadhiwa kwa mdomo vizazi hata vizazi, na bila kumbukumbu za wazee yasingetufikia. Ubovu wake huanza pale masimulizi hayo yanapofupishwa yakawa aya moja ya daftari. Aya ya namna hiyo hujengwa karibu yote kwa kiambishi "-ka-": mwami akatoka Lwindi, akavuka mito, akawakuta wenyeji, akawashinda, akagawa nchi, akatawala.

Kiambishi hiki ni uti wa mgongo wa usimulizi wa Kiswahili. Hufunga tukio kwa tukio kama shanga katika uzi, kila moja likielekea kuzaliwa na lililotangulia. Ni chombo kizuri cha ngano. Lakini mtoto anayejifunza historia kwa "-ka-" peke yake hapati upenyo wa kuuliza: imejulikanaje? Uzi hauna fundo. Hawezi kutofautisha lililoshuhudiwa, lililosimuliwa na lililotungwa ili kuhalalisha utawala fulani.

Tofauti hiyo si ndogo katika Bushi. Masimulizi ya Lwindi kama chimbuko yanazihusu nyumba za watawala wa Bashi na za baadhi ya majirani zao, wakiwamo Bafuliru. Richard Sigwalt, katika tasnifu yake ya mwaka 1975 juu ya historia ya awali ya Bushi, alishughulikia swali hilohilo la jinsi kisasili kinavyoweza kutumika kama ushahidi wa kihistoria. Mtaalamu aliandika tasnifu nzima juu ya ugumu huo. Mtoto wa miaka minane hupewa kisasili hichohicho kama habari iliyokwisha kuthibitishwa.

Aidha, aya hiyo ina maneno mawili yanayopita kimya kimya: "akatoka" na "wenyeji". Bukavu ni mji ulioona majeshi yakiingia mwaka 1996, 1998, 2004 na 2025. Katika miaka hiyo yote swali la nani alitangulia na nani alikuja baadaye limetumiwa kama silaha, na watu wamepoteza nyumba na maisha kwa ajili yake. Darasa la Nguba lina watoto wa Bashi, Balega, Bahavu, Bafuliru, Babembe, Batembo na wengineo. Historia inayoanza kwa kuwagawa watu katika wageni na wenyeji, kisha ikawataka watoto waikariri bila kuihoji, inawafundisha zaidi ya majina ya bami.

4.0 Somo la maonyesho: historia ya "hu-"

Namna ya pili hujitokeza siku za sherehe. Watoto huvikwa nguo za raffia na manyoya, ngoma hupigwa, mmoja huketishwa kitini akawa mwami, wengine humpigia makofi. Wazazi hufurahi, na hapana shaka kwamba furaha hiyo ina thamani yake katika mji ambao mara nyingi umekosa sababu ya kufurahi. Kwa kuwa mwili wa mtoto unatumika, wengi hudhani kwamba hili ndilo somo la mikono. Sivyo.

Maelezo yanayoandamana na maonyesho hayo huelekea kuchagua kiambishi "hu-": mwami huketi hapa, wanawake hubeba vile, wahunzi hufua hivi. "Hu-" ni kiambishi cha mazoea, hakina wakati. Kikitumika kwa mambo ya kale, kinayatoa katika karne zake na kuyaweka mahali pasipo na jana wala juzi, panapoitwa "mila". Mtoto huondoka akiamini kwamba mababu zake waliishi namna moja tangu mwanzo wa dunia hadi Mzungu alipofika. Hivyo maonyesho, ambayo nia yake ni kuwatukuza mababu, huwanyang'anya mababu hao kitu cha thamani kuliko manyoya, yaani mabadiliko. Watu waliobuni, waliokosea, wakasahihisha na kuacha ya zamani kwa ajili ya mapya hugeuzwa kuwa picha ukutani.

5.0 Somo la mikono: historia ya "-me-"

Namna ya tatu huanzia kwenye kitu. Katika Kivu kitu kilicho karibu kuliko vyote ni kigae cha chungu. Jean Hiernaux na Emma Maquet walichapisha mwaka 1957 na 1960 matokeo ya uchunguzi wao wa tamaduni za zama za chuma katika Rwanda, Burundi na Kivu, wakavipanga vyombo vya udongo katika aina kadhaa. Aina mbili kati ya hizo zaweza kueleweka na mtoto wa darasa la pili, mradi apewe udongo.

Aina ya kwanza ni ile iliyokuja kuitwa Urewe, kwa jina la mahali huko Kenya magharibi. Ilitengenezwa katika nchi za Maziwa Makuu kuanzia karne za mwisho kabla ya Kristo, ikaendelea muda mrefu katika milenia ya kwanza baada yake. Vyungu vyake vina mistari iliyochorwa kwa uangalifu mkubwa, na vingi vina kibonyeo chini, katikati ya kitako, kana kwamba mfinyanzi alikibonyeza kwa kidole kabla udongo haujakauka. Aina ya pili ilienea kuanzia mwishoni mwa milenia ya kwanza, ikatawala katika karne ambazo wanahistoria huziita za kati. Mapambo yake hayakuchorwa mstari kwa mstari. Mfinyanzi alisokota kamba fupi ya nyasi au ya nyuzi, akaiviringisha juu ya udongo mbichi, nayo ikaacha safu za alama zinazofuatana.

Somo lenyewe halihitaji gharama. Udongo ni ule wa bondeni. Kamba husokotwa kwa magome ya mgomba au kwa majani. Kila mtoto hufinyanga vikombe viwili. Cha kwanza hukibonyeza kitakoni na kukichora kwa kijiti. Cha pili hukiviringishia kamba. Ndani ya saa moja darasa zima hugundua jambo ambalo kitabu kingehitaji kurasa kulieleza: kuchora kwa kijiti ni kazi ya polepole yenye kuhitaji jicho na subira, ilhali kamba hufunika chombo kizima kwa muda mfupi. Baadhi ya watoto watapenda wepesi wa kamba; wengine watasema kwamba kijiti ni kizuri zaidi. Ndipo mwalimu aweza kuuliza kwa nini wafinyanzi waliacha njia moja wakashika nyingine. Je, walihitaji vyungu vingi zaidi? Je, walikuja mafundi wengine, au mafundi walewale walijifunza ujuzi mpya kwa majirani? Hakuna mtoto atakayepata jibu la mwisho, na wataalamu wenyewe hawajakubaliana. Lakini swali limekuwa la mtoto, kwa kuwa limetoka katika vidole vyake.

Hapa ndipo sarufi inapoingia. Mtoto aliyeshika kigae hawezi kuanza na "akaja" wala "huja". Huanza na "-me-": kimepasuka, kimechorwa, kimebonyezwa, kimeungua upande mmoja. Kiambishi hiki hutaja hali iliyopo sasa ambayo ni matokeo ya tendo lililokwisha. Kutoka hapo mtoto hulazimika kurudi nyuma hadi kwenye "-li-": kimebonyezwa, basi mtu alikibonyeza, kimeungua, basi kiliwekwa motoni. Katikati ya hatua hizo mbili hujitokeza maneno ambayo hayamo kabisa katika daftari la kukariri: huenda, yaelekea, yamkini, lazima, haiwezekani. Mtoto aliyesema "huenda aliviringisha kamba kwa kuwa alikuwa na vyungu vingi" amefanya kazi ya mwanahistoria, tena ameifanya kwa Kiswahili. Ametofautisha anachokiona na anachokikisia, na lugha yenyewe imemsaidia.

Njia hiyohiyo hufaa kwa sahani ya chakula. Watoto huorodhesha walichokula jana, kisha huulizwa ni kipi ambacho mtoto wa kilima hichohicho angeweza kukila miaka 600 iliyopita. Mihogo na sombe lake huondolewa, maana mmea huo ulitoka Amerika, na mabara hayo yalifunguliana njia za biashara baada ya mwaka 1492. Mahindi huondolewa, viazi vitamu huondolewa, na hata maharage, ambayo kila mama wa Bukavu angeapa kwamba ni chakula cha mababu. Mshangao mkubwa zaidi hubaki kwa sambaza. Samaki huyo mdogo, ambaye bila yeye soko la Bukavu halifikiriki, alitolewa Ziwa Tanganyika akatiwa katika Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Babu wa mtoto yeyote yule aweza kuwa mkubwa kuliko sambaza wa Kivu. Kinachobaki sahanini ni mtama, ulezi, kunde, maziwa, samaki wengine wa ziwa, na ndizi, ambayo nayo asili yake ni Asia ingawa ilikwisha kufika zamani. Mbegu za mtama na ulezi zikipandwa nyuma ya darasa, watoto huzipalilia na kuzilinda na ndege, na huelewa kwa migongo yao kwa nini sherehe za mwaka za bami wa nchi hizi zilifungamana na mbegu na mavuno.

6.0 Mikono si mgeni

Hutokea mtu akasema kwamba mbinu hizi ni za Ulaya, zimeletwa na semina za walimu na zitaondoka nazo. Hoja hiyo haisimami. Katika Kongo hii hii, Baluba wa Katanga walikuwa na lukasa, kibao cha mti kilichopangwa shanga na kuchongwa alama. Wanachama wa chama cha Mbudye walikishika kwa mkono mmoja, na kwa kidole cha mkono wa pili wakazifuata shanga huku wakisimulia habari za wafalme, safari na mahali patakatifu. Historia ilisomwa kwa ncha ya kidole. Tena usomaji wake haukuwa mmoja: shanga zilikuwa zilezile, lakini msomaji alichagua lipi la kusema kwa hadhira ipi. Balega nao, katika mafunzo ya bwami, walionyesha na kushikisha vitu, vingine vikiwa vimetungikwa katika kamba, kila kitu kikiwa na methali yake. Mwanafunzi alikiona kitu, akaisikia methali, akatakiwa kufumbua uhusiano wao.

Ushahidi wa zamani zaidi watoka Sanga, katika bonde la Upemba, ambako uchimbaji ulianza mwaka 1957 na ukaendelezwa baadaye na Pierre de Maret. Makaburi ya huko ya karne ya 8 hadi ya 13 na baada yake yana vyombo vya udongo, vitu vya chuma na vya shaba. Katika makaburi ya watoto viliwekwa vyungu vidogo, ukubwa wake ukilingana na umri wa aliyezikwa. Kwa vyovyote maana ya desturi hiyo itakavyofasiriwa, mfinyanzi mmoja wa zama hizo alikaa akapima chungu kwa kipimo cha mtoto. Mwalimu wa Nguba anayempa mtoto bonge la udongo linalotosha viganja vyake anafuata nyayo za kale kuliko anavyodhani.

Mfano mwingine watoka Tanzania. Mwaka 1976, katika Buhaya, Peter Schmidt aliwaomba wazee waliowahi kuyeyusha chuma ujanani wajenge tena tanuru. Walikuwa wameiacha kazi hiyo kwa miongo kadhaa. Majaribio ya mwanzo hayakufaulu. Iliwabidi wakumbuke kwa mikono yao mambo ambayo midomo yao haikuweza kuyaeleza. Matokeo yalichapishwa mwaka 1978, yakawabadilishia wataalamu wengi mawazo juu ya ufundi wa Kiafrika. Funzo lake kwa shule ni dhahiri. Kuna elimu inayokaa mkononi, ambayo maswali ya mdomo peke yake hayaifikii.

7.0 Kasoro za somo la mikono

Uhakiki unaosifu bila kupima si uhakiki. Somo la mikono lina kasoro nne, na mbili kati yake ni nzito.

Kasoro ya kwanza ni kukosa tarehe. Vikuku vya nyuzi vilivyoitwa butega vilitumika kama fedha katika biashara ya kandokando ya Ziwa Kivu, na kuvisuka ni kazi nzuri kwa watoto. Lakini ushahidi wa biashara hiyo ni wa karne ya 19. Mwalimu anayeviweka pamoja na vyungu vya karne ya 12, kwa kuwa vyote ni "vya zamani", amerudi kwenye kosa la maonyesho kwa mlango wa nyuma. Kila kitu kiwekwe penye karne yake, hata kama ni kwa kamba iliyotandazwa sakafuni yenye mafundo ya miaka mia mia.

Ya pili ni upendeleo wa kile kinachodumu. Udongo uliochomwa hudumu. Nguo za magome, nyumba za majani, sheria, nyimbo na huruma havidumu. Mtoto asiachwe aamini kwamba watu wa kale walikuwa vyungu tu. Hapa masimulizi ya wazee yanapata tena heshima yake, yakiingia kama ushahidi wa aina nyingine wenye maswali yake.

Ya tatu ni nzito. Katika Kivu, kama ilivyo Rwanda na Burundi, ufinyanzi umehusishwa kwa muda mrefu na Batwa. Watu hao hutafutwa kwa ajili ya vyungu vyao na kudharauliwa kwa kila jambo jingine. Wengi wao walitolewa katika misitu ya Kahuzi baada ya hifadhi ya taifa kuundwa mwaka 1970. Shule inayofundisha ufinyanzi bila kumtaja mfinyanzi inachukua ujuzi na kuacha mtu mlangoni. Shule inayomwita mama wa Kitwa aje afundishe, ikamwita mwalimu na kumlipa kama mwalimu, inatoa somo la pili lisiloandikwa ubaoni. Wakati huohuo isidaiwe kwamba wafinyanzi wa Urewe au wa kamba walikuwa Batwa, au Bashi, au watu wengine wowote wa leo. Chungu hakisemi kabila la aliyekifinyanga. Kwa Bukavu, hiyo si kasoro ya chungu. Ndiyo fadhila yake kubwa.

Ya nne ni ya hali halisi. Tangu elimu ya msingi ya serikali itangazwe kuwa ya bure mwaka 2019, madarasa yamejaa. Kugawa udongo kwa umati wa watoto katika chumba kimoja ni jambo la taabu, na mwalimu asiyelipwa kwa wakati hawezi kulaumiwa akichagua kukaririsha. Wanaoandika mitaala lazima walikabili jambo hili, maana wasia usiotekelezeka ni maneno matupu. Pengine dawa ni kupunguza: masomo matatu ya mikono kwa mwaka, yaliyotayarishwa vizuri, yafaa kuliko ratiba nzuri isiyofuatwa. Tanuru la chuma na liachwe kabisa. Moto wake hauwafai watoto, na tanuru la mchezo lisiloyeyusha kitu litawadanganya kwamba kazi ile ilikuwa rahisi.

8.0 Hitimisho

Waswahili husema: udongo uwahi ungali maji. Methali hii hutumika kuwahimiza wazazi na walimu wamfunde mtoto mapema, kabla tabia yake haijakauka. Katika methali hiyo mtoto ndiye udongo, na mtu mzima ndiye mfinyanzi. Somo la kukariri linaitii methali hiyo kwa ukamilifu: humtia mtoto alama, kisha humwanika. Somo la maonyesho humpaka rangi juu yake.

Somo la mikono humgeuzia mtoto nafasi. Humkalisha mahali pa mfinyanzi, akaona kwamba chombo chaweza kutengenezwa hivi au vile, na kwamba aliyekitengeneza kwa namna hii alichagua. Mtoto aliyekwisha kuelewa kwamba watu wa kale walichagua atakuwa mgumu kudanganywa atakapoambiwa, akiwa kijana, kwamba uadui wa leo ni urithi wa tangu na tangu usioweza kubadilika. Atauliza: imejulikanaje? Kimeachwa kitu gani cha kuonyesha hivyo? Hayo ni maswali ya kiambishi "-me-", na Kiswahili kinayauliza vizuri kikipewa nafasi. Walimu wa historia na walimu wa lugha wa Bukavu wanayo sababu ya kuketi pamoja, udongo ukiwa mezani.